Maji yako ni magumu au ni machafu? Jinsi ya kujua mwenyewe kabla hujauziwa mashine

Kuna vijana wanapita nyumba kwa nyumba na kimashine chenye fimbo mbili za chuma, wanaomba glasi ya maji ya bomba, wanatumbukiza zile fimbo, wanachomeka kwenye umeme, haipiti dakika nyingi maji yamegeuka brauni na uchafu umeelea juu, mama mwenye nyumba anashika mdomo, mwee, kumbe hivi ndo tunakunywa! Alafu wanaleta glasi ya pili ya maji ya mashine yao, yanabaki meupe peee. Hapo sasa ndo bei inatajwa.

Ule ubrauni ni kutu ya zile fimbo zenyewe. Umeme unakula chuma kinadondokea kwenye maji. Maji ya bomba yana madini kwahiyo yanapitisha umeme, yale ya mashine yametolewa madini karibu yote kwahiyo hayapitishi vizuri na fimbo haziliki. Ukitaka kuwamaliza, tia chumvi kidogo kwenye glasi yao ile safi uwaambie warudie. Itageuka hivyohivyo.

Shida yetu wengi tunachanganya vitu viwili. Kuna ugumu wa maji na kuna usalama wa maji, na haviendi pamoja hata kidogo. Maji magumu ni yale yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, madini ambayo maji yanayachukua yakipita kwenye mawe. Yanakera, yanamaliza sabuni, ila WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe hawajaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu. Upande wa pili unaweza kuwa na maji ya chemchem ya mlimani, laini, matamu, ya baridi, na yakakupa taifodi.

Kwa huku kwetu Mbeya inategemea unaishi wapi na maji yanatoka wapi. Mbeya mjini yanategemea sana chemchem na vijito vya milimani, na maji ya namna hiyo kwa kawaida hayana ugumu wa kutisha. Ukishuka kwenda Songwe ni habari nyingine, kule chini kuna mawe ya chokaa yaliyoachwa na chemchem za maji moto, na kiwanda cha simenti kilifuata hayohayo mawe. Kwahiyo mwenye kisima kirefu upande huo asishangae jagi la umeme kujaa ukoko mweupe. Na nyumba nyingi za pembezoni zinachanganya, leo bomba la mamlaka, kesho kisima cha jirani, wiki ijayo boza, yote kwenye simtanki moja. Pima kila chanzo peke yake, usipime tanki ukasema umejua.

Kupima ugumu hakuhitaji hela. Chukua chupa mbili za nusu lita zilizooshwa vizuri, moja weka maji yako mpaka nusu, nyingine weka maji ya mvua kiasi hichohicho. Kwangua sabuni ya mche, ile ya kipande, kiasi cha ukucha kwa kila chupa, funga, tikisa kwa nguvu alafu ziache zitulie. Chupa ya mvua itakua na povu zito linalokaa na maji chini yanabaki karibu angavu. Ya kwako ikitoa povu la kusuasua linalokufa haraka, na chini kuna ukungu na mabonge madogo meupe kama maziwa yaliyokatika, basi hayo ni magumu. Usitumie sabuni ya unga wala ya maji ya kuoshea vyombo, hizo zinatoa povu hata kwenye maji magumu, utadanganyika. Ukitaka namba, maabara watakupa kwa miligramu kwa lita: chini ya 60 ni laini, 60 mpaka 120 ni ya wastani, 120 mpaka 180 magumu, kupita hapo ni magumu sana.

Kale ka kipimo ka TDS wanakouza mtandaoni kanapima jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji basi. Hakaoni vijidudu. Maji ya mtoni yenye kinyesi cha ng'ombe yanaweza kusoma namba ndogo nzuri kabisa.

Ukishajua ni magumu, mengi unamalizana nayo jikoni. Ukoko wa kwenye jagi unatoka kwa siki au limao: kamulia malimao mawili kwenye maji yanayofunika ukoko, chemsha, zima, acha nusu saa, utaona linachemka vipovu lenyewe wakati limao linakula chokaa. Suuza. Usikwangue kwa kisu. Kichwa cha shawa kilichoziba nacho kifungue ukiloweke kwenye siki usiku mzima. Kwa kunywa, ukichemsha maji sehemu ya ugumu inaganda na kushuka chini, we yaache yapoe utwae ya juu, yale ya mwisho yenye ungaunga mwaga. Kuna ugumu mwingine hautoki kwa kuchemsha, huo ukiukuta ishi nao tu.

Kufua ndo kuna maumivu, mashati ya shule yanakua kijivu. Maji ya mvua ndo suluhisho la bure na huku mvua tunazo kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, kinga baada ya mvua ya kwanza kuosha bati. Kiangazi tia magadi kidogo kwenye maji ya kufulia kabla ya sabuni, acha yatulie, povu litarudi. Kwenye maharage magadi yanaivisha haraka kweli, maana maharage na maji magumu ni ugomvi, na huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 kwahiyo mkaa unaisha zaidi. Ila magadi yanaua vitamini na yanaongeza sodiamu, mwenye presha ayaogope. Loweka maharage usiku, mwaga maji, pikia ya mvua.

Sasa twende kwenye usalama. Maji yakitoka bombani meupe kama yana unga, jaza glasi uangalie: yakianza kuwa angavu kutokea chini kwenda juu ndani ya dakika moja mbili, hiyo ni hewa, sio dawa ya klorini. Yakitoka safi alafu kwenye ndoo nyeupe mpaka asubuhi yamegeuka rangi ya kutu, ni chuma, cha kisimani au cha mabomba ya zamani, yataharibu nguo na chai itakua nyeusi. Harufu ya klorini isikuudhi, inamaanisha kuna kinga, acha ndoo wazi kidogo itapungua. Baada ya mgao maji yakirudi yaache ya kwanza yamwagike, maana bomba likiwa tupu linavuta uchafu wa nje kupitia sehemu zilizopasuka.

Yakija na tope masika usikimbilie kutia klorini, kwenye tope haifanyi kazi vizuri. Yatulize kwanza na shabu, chuja kwa kitambaa, ndo uchemshe au utie dawa kama pakti inavyosema. Kuchemsha ni mpaka yatokote kabisa dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000, Kitulo huko na sehemu za Makete, fanya dakika tatu. Lakini kuchemsha hakutoi naitreti, chumvi inayotokana na kinyesi na mbolea, wala floraidi, madini ya kwenye mawe, kunazidisha tu kwa sababu maji yanapungua. Naitreti ndo ya kuogopa kama una kisima kifupi karibu na choo, hasa kama kuna mtoto wa chini ya miezi sita anayechanganyiwa maziwa ya kopo. Kisima kiwe angalau mita 30 toka chooni na choo kiwe upande wa chini wa mteremko.

Hivyo visivyoonekana vinapimwa maabara tu, na Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Mbeya na Iringa. Piga simu kwanza uulize gharama, kisha omba chupa yao, usipeleke ya soda, kwa kipimo cha vijidudu lazima iwe imeuliwa vijidudu. Futa mdomo wa koki, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, jaza bila kugusa ndani ya kifuniko, weka kwenye kiboksi chenye barafu na ufikishe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya masaa sita. Usiende Ijumaa jioni.