Somo: Kutuliza rezo ya 4G Bukavu wakati minara inagongana

Wengi wanaoniita Ibanda na Kadutu wana lalamiko moja: "Fundi, vimistari vimejaa lakini rezo (mtandao wa simu) haitembei." Vimistari vinapima nguvu tu. Katika 4G, minara jirani ya kampuni moja kwa kawaida hutumia masafa (frikwensi) yale yale, kwa hiyo mnara wa kilima cha pili unaweza kuongea wakati mmoja na wako na kuufunika. Na mji wetu umejengwa kama kwa makusudi ya kusumbua mafundi: vilima vinatazamana, rasi zimeingia ziwani, na juu ya maji ya Kivu mawimbi ya simu hayakuti ukuta wala mti.

Hatua ya 1: Soma namba. Fungua ukurasa wa ruta yako. Anwani iko kwenye kibandiko cha chini, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Tafuta RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mnara wako: −85 ni nzuri, −115 ni shida. SINR inalinganisha mnara wako na kelele zote nyingine pamoja, yaani mawimbi yote yasiyo yake. Ikiwa 20 au zaidi, uko pazuri. Ikiwa 0, kelele ina nguvu sawa na mnara wako. Kumbuka kwamba tofauti ya 10 katika namba hizi ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo usidharau namba ndogo.

Hatua ya 2: Pima saa tofauti. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, halafu wananunua antena bure. Pima alfajiri, mchana, na kati ya saa moja na saa nne usiku. Mnara jirani usio na wateja wengi hutuma kidogo. Jioni kila mtu akifungua video, unatuma muda wote, na SINR yako inashuka huku RSRP imesimama palepale. Umeme ukikatika ni hadithi nyingine tena: mnara ambao betri yake imekwisha unazimika, wateja wake wanahamia kwenye minara iliyobaki, na vipimo vya asubuhi havina kazi.

Mnara wenyewe hupambana. Mawimbi yakiwa safi, kila alama inayotumwa hubeba biti 6 (sifuri na moja za data) au zaidi. Yakichafuka hushuka hadi 4, kisha 2, na vipande vilivyoharibika vinatumwa upya. Ndiyo maana video huganda muda mrefu kabla rezo haijakatika kabisa.

Hatua ya 3: Hamisha ruta. Usikimbilie dirisha linaloangalia ziwa. Lina mandhari nzuri, lakini pia linaingiza minara ya mbali yote. Jaribu upande ambao ukuta wa zege unaziba minara hiyo huku mnara wako ukibaki wazi. Paa la mabati nalo linaziba, kwa hiyo jaribu chini yake na nje yake. Sogeza kidogo, subiri namba zitulie, andika.

Hatua ya 4: Antena ya nje. Chukua ile inayoelekea upande mmoja, yenye kebo mbili ikiwa ruta ina matundu mawili. Izungushe polepole na ufuate SINR. Mimi nachukua RSRP ya −97 yenye SINR 16 kuliko ya −80 yenye SINR 3, na sibishani na mtu hapo. Kebo iwe fupi na nene: nyembamba ya mita 10 hula zaidi ya nusu ya nguvu.

Hatua ya 5: Bendi. Bendi ni fungu la masafa, na ruta nyingine hukuruhusu kulichagua. Bendi ya 800 MHz hupenya kuta na kufika mbali, lakini kwa sababu hiyohiyo hukuletea kelele za mbali. Ya 1800 hufika karibu zaidi na mara nyingi huwa safi. Kwenye dispensari siifungii ruta bendi moja: bendi hiyo ikizimika, ruta haitatafuta nyingine. Hapo naweka SIM ya kampuni ya pili.

Maswali ya wasomaji

*Mama wa cyber, Nyawera:* Fundi, saa mbili usiku wateja wangu wanalia. Ninunue antena?

Angalia kwanza, mama. Kama SINR ya saa hiyo imeshuka, antena inaweza kusaidia. Kama imebaki juu na kasi bado imeanguka, mnara umejaa watu. Hakuna antena inayotibu hilo. Jaribu kampuni nyingine.

*Kijana wa karibu na Ruzizi:* Kaka, simu inarukia Rwanda, kredi inakwisha.

Zima roaming (kutumia mtandao wa nchi nyingine), kisha ingia kwenye mipangilio uchague kampuni yako kwa mkono, usiiachie simu. Ukisafiri, rudisha otomatiki, la sivyo utafika huko bila rezo.

*Papa wa duka, Bagira:* Kuna mtu anauza mashine ya kuongeza mawimbi.

Papa, mashine hiyo inakuza mnara wako na kelele pamoja, hivyo SINR haipandi kama unavyodhani. Ikiwekwa vibaya inasikia mawimbi yake yenyewe, inapiga yowe kwenye masafa, na mtaa mzima unapoteza rezo. Kabla ya kuwasha kitu kama hicho, uliza kampuni yako na ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa Kongo.

*Mwanafunzi, Panzi:* Mvua ikinyesha rezo inakufa. Ni mwingiliano, yaani minara kugongana?

Hapana, mdogo wangu. Kwenye masafa ya 4G mvua haipunguzi kitu cha maana. Lakini minara mingi huunganishwa na mtandao mkuu kwa antena za sahani za mikrowevu, mawimbi ya redio yenye masafa ya juu sana, na hizo mvua kubwa huzipiga. SINR itabaki nzuri na intaneti imekufa. Subiri mvua ipungue, usiguse antena.