SOMO: Ruzuku ya serikali kwa mradi wa mikoko (someni kabla ya kunipigia)

Wiki hii nimeulizwa swali hili hili mara kumi na moja, ruzuku hii huombwa vipi, na simu mbili zilikuja usiku. Naandika mara moja basi.

1. Sajilini kikundi ofisi ya maendeleo ya jamii. Watu kumi au zaidi.

2. Akaunti ya benki na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) ziwe kwa jina la cheti, herufi kwa herufi.

3. Tafuteni barua ya KFS, yaani idara ya misitu ya Kenya. Mikoko ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo hata kama ua wako unagusa mkondo wa Tudor hapa Mombasa, matope si yako. BMU, wale wasimamizi wa ufuo na uvuvi, wapashwe habari mapema, wasije wakaona bango tu.

4. Nendeni kwa kamati ya wadi ya tabianchi. Mpango kama FLLoCA (ule wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani) hupitisha pesa kaunti, na wadi ndiyo husema kipi kitangulie. Msitarajie kupewa pesa mkononi: kaunti yaweza kutangaza zabuni.

5. Bajeti. Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Tuliandika miche 5,000, pesa zote tukatia kwenye kitalu, pilau ya siku ya kupanda na fulana. Fulana jamani! Kisha tukaupanda mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya kaa, ukingoni kabisa kwenye mawimbi, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, kwa kuwa pale pana uwazi na picha hutoka vizuri. Bamvua ya kwanza ikapita; asubuhi mbegu zinaelea kama kalamu zilizomwagwa. Na malipo ya awamu ya pili yalifuata miche iliyo hai. Afisa alihesabu mstari wa kwanza nami nimezama matopeni hadi magotini: 40 tuliyopanda, 6 hai. Akafunga daftari. Deni la kitalu tulilipa kwa michango yetu.

ONYO: tieni kifungu cha kujazia mapengo, cha mlinzi, na cha kuhesabu kila baada ya miezi mitatu. Msiahidi idadi kubwa ili mpendeze. Na muwaulize wavuvi wazee mchanga unahamia wapi. Kule mkondo wa Mwache mikoko ilikufa kwa udongo ulioletwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na hakuna bajeti ya kikundi itakayozoa udongo ule.

6. Pelekeni nakala mbili za ombi lenu, rudini na moja yenye muhuri.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Nitumie fomu.
— Hatua ya 4.

Kijana wa Likoni: Nimesoma, lakini fomu yenyewe?
— Hukusoma. Kamati ya wadi yako, ndugu yangu. Mimi si ofisi.

Mkereketwa: Hizo pesa hupewa jamaa zao tu. Wewe wawatetea kwa nini?
— Simtetei mtu. Muhuri wa hatua ya 6 ulidhani ni wa urembo? Ukinyimwa, una cha kuuliza nacho.

Mwalimu wa Jomvu: Shikamoo Bi. Watoto wa klabu ya mazingira twaweza kuwaingiza? Wana hamu sana.
— Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuuliza vizuri. Waingizeni, tena kwa kifungu chao: usafiri, maji ya kunywa, madaftari. Kila mtoto apewe miche kumi ya kuihesabu mwaka mzima. Madaftari yale afisa atayaamini kuliko ripoti yangu. Waende maji yakipwa, wakiwa na viatu vya kufunga kamba. Malapa hubaki matopeni.

Mwalimu wa Jomvu: Na mbegu ya mkoko twajuaje imekomaa?
— Tazama shingoni: ikiota pete ya manjano, chukua. Ya kijani kibichi iache mtini. Halafu ziwekeni kivulini wiki moja kabla ya kuchomeka, kaa hawazipendi zikinyauka kidogo.

Kijana wa Likoni: Kamati ya wadi hukutana siku gani?
— Hilo ndilo swali. Muulize mzee wa mtaa wako kesho asubuhi, atakwambia.