SOMO: Mwanga wa maua ya ndani kwa sisi wa Dar (soma yote kabla hujauliza)

Wadau habari zenu. Kila wiki natumiwa picha ya ua limenyong'onyea na swali lile lile, "nimwagilie mara ngapi?", nikiuliza limekaa wapi najibiwa sebuleni. Sebuleni siyo jibu. Ua lililo gizani halinywi maji, udongo unabaki mbichi, mizizi inaoza, halafu mtu anaongeza maji. Anza na mwanga. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Jua dirisha lako linatazama wapi. Dira ya simu inatosha. Huna? Angalia msikiti wa mtaani kwako, Makka iko karibu mstari mmoja na Dar kwa hiyo kibla yetu ni kama kaskazini kabisa.

2. Achana na ule ushauri wa "dirisha la kusini ndiyo lenye jua". Ni wa Ulaya na Marekani, kwao jua linapita kusini. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Katikati ya hapo, Machi mpaka Oktoba, linapita kaskazini. Oktoba mpaka Machi linahamia kusini. Dirisha la mashariki na la magharibi yanapata mwaka mzima, la mashariki ni jua pole la asubuhi, la magharibi kuanzia saa tisa linachoma.

3. Pima, macho yanadanganya maana yanazoea giza. Saa nne asubuhi weka karatasi nyeupe pale ua linapokaa, nyoosha mkono juu yake kama futi moja. Kwenye kivuli vidole vinaonekana kimoja kimoja, mwanga ni mkali. Kivuli kina ukungu, ni wa kati. Hakuna kivuli, hapo ni giza hata kama unasoma gazeti vizuri. Kuna apu za bure za kupima luksi (kipimo cha mwanga) pia: nje juani saa sita ni kama 100,000, kona ya sebule mara nyingi 100 au 200 tu.

4. Futa vumbi kwenye wavu wa mbu, fungua pazia, na kumbuka vioo vya tinted vinakula mwanga.

5. Mwanga mkali: aloe vera, kaktasi. Wa kati: monstera, mani planti. Hafifu: sneki planti, zizi planti (ZZ plant).

6. KUHAMISHA. Hapa ndipo maua mengi yanaungua. Ua la muuza miche limekulia chini ya neti, ukilipeleka juani siku hiyo hiyo umeliua. Lisogeze taratibu kwa wiki mbili, anza na jua la asubuhi. Na kuna kuungua ambako hujahamisha chochote: umeweka ua dirisha la kaskazini Desemba, linapendeza, masika inapita na mawingu yake, Juni kuna kibaridi hakuna anayewaza jua, kumbe ndiyo limeinama kaskazini na linaingia moja kwa moja kiooni. Mabaka yanaanza meupe, yanageuka kahawia, ukigusa jani linavunjika kama karatasi, tena ni upande unaotazama kioo tu, majani yaliyofunikwa na wenzake ni mazima. Watu wanasema ugonjwa wanapuliza dawa. USIPULIZE. Rudisha nyuma hatua mbili au weka pazia jepesi. Baka halirudi kijani, subiri majani mapya.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu somo refu, mimi majani yanakuwa njano nifanyeje?
— Dirisha linatazama wapi?
Mdau wa Tabata: Sijui.
— Hatua ya 1.

Jirani wa Sinza: Mbona zizi yangu iko koridoni giza mwaka wa pili haijafa?
— Haijafa, sawa. Imetoa shina jipya? Ina viazi chini vinavyotunza maji na chakula, inakula akiba. Nimesema inavumilia, sijasema inapenda.

Dada wa Upanga: Mani planti yangu ya mabaka meupe sasa inatoa majani ya kijani tupu, ni mwanga au mbolea?
— Dada umeangalia vizuri. Ni mwanga mara nyingi. Sehemu nyeupe haina klorofili, haitengenezi chakula, kwa hiyo penye mwanga hafifu matawi ya kijani yanakua haraka na kuyazidi yale ya mabaka. Kata tawi mpaka kwenye jani la mwisho lenye mabaka, sogeza karibu na dirisha la mashariki. Ulichokata kiweke kwenye maji kitatoa mizizi.
Dada wa Upanga: Asante sana. Na ile violeti ya Usambara itaweza hapo hapo?
— Itafurahi. Kwao Tanga na Usambara inaota kwenye miamba chini ya kivuli, kwa hiyo jua la saa mbili inalipenda, la saa nane hapana. Usimwagie maji majani.

Mama wa Mbagala: Hizo za kwenye chupa ya maji si zinaleta mbu?
— Swali zuri mama. Mbu wa dengue anataga humo. Badilisha maji kila wiki na usugue chupa kwa ndani, mayai yanaganda ukutani, kumwaga tu hakutoshi.
Mama wa Mbagala: Na sahani ya chini ya chungu?
— Hiyo pia. Imwage baada ya nusu saa ukishamwagilia.