Badili profaili ya CMYK kabla hujafungua faili la kwanza

Photoshop, Illustrator au InDesign ikisakinishwa kwa mpangilio wa Marekani na isiguswe, profaili yake ya CMYK huwa U.S. Web Coated (SWOP) v2. CMYK ni wino nne za kuchapa (sayani, majenta, njano na nyeusi), na profaili ni faili linaloeleza wino huo unavyotoka kwenye karatasi na mashine fulani. Hiyo "web" haihusiani na intaneti. Ni karatasi ya roli, ile inayokimbia kwenye mashine kubwa za kuchapa majarida. Kama kazi yako ni brosha ya art paper (karatasi laini iliyopakwa) ya gramu 150 kwenye ofseti ya shiti, yaani karatasi zilizokatwa tayari, unashona nguo kwa vipimo vya mtu mwingine.

Tazama tofauti kwa rangi moja tu. Chukua nyeusi ya RGB (rangi za skrini) 0, 0, 0 uigeuze CMYK. Kwa SWOP v2 unapata 75, 68, 67, 90: jumla asilimia 300 ya wino. Kwa Coated FOGRA39, profaili ya Ulaya ya art paper, unapata 91, 79, 62, 97: jumla 329. Ukipeleka hiyo ya pili kwenye mashine ambayo fundi wake haruhusu kupita 300, wino unachelewa kukauka, shiti zinagandana kwenye rundo, na picha ya shiti ya chini inahamia mgongoni mwa ile ya juu.

Hatua ya 1: Muulize mchapaji

Maswali ni matatu: karatasi gani, profaili gani, na jumla ya wino isizidi asilimia ngapi. Jibu la kawaida ni "wewe leta CMYK tu". Usiridhike nalo, angalau pata karatasi na kikomo cha wino. Kisha:

- Art paper: Coated FOGRA39 iliyo ndani ya programu za Adobe. Kikomo kikiwa 300, tumia ISO Coated v2 300% au PSO Coated v3.
- Bondi (karatasi isiyopakwa): PSO Uncoated v3.
- Karatasi ya gazeti: ISOnewspaper26v4, ambayo mwisho wake ni 240.

Usichukulie bondi kuwa ni art paper isiyong'aa. Inanyonya wino, nukta zinatanuka, na picha iliyoandaliwa kwa art paper inatoka nzito, vivuli vimeziba.

Hatua ya 2: Sakinisha

Profaili za ISO Coated na PSO zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya ECI, eci.org. Kwenye Windows, bofya faili la .icc kwa kitufe cha kulia, chagua Install Profile. Kwenye Mac, liweke ndani ya /Library/ColorSync/Profiles. Funga programu zote za Adobe uzifungue upya, la sivyo jina halitaonekana kwenye orodha.

Hatua ya 3: Weka Color Settings

Nenda Edit > Color Settings (Ctrl+Shift+K kwenye Photoshop na Illustrator). Anza na Europe Prepress 3, kisha rekebisha:

CMYK: profaili ya mchapaji wako.

RGB: mpangilio huu unaleta Adobe RGB. Ibadili iwe sRGB IEC61966-2.1 kama picha nyingi unazopokea zimepigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Picha isiyo na profaili husomwa kwa RGB iliyowekwa hapa. Picha ya sRGB ikisomwa kama Adobe RGB, rangi zinakolea kupita kiasi na nyuso za watu zinakuwa nyekundu.

Sera ya CMYK kwenye InDesign na Illustrator: Preserve Numbers (Ignore Linked Profiles). Acha visanduku vyote vya kuuliza vikiwa na alama. Vinakera, lakini ndivyo vinavyokuonyesha faili lililotoka kwa mtu mwingine lina profaili gani.

Hifadhi kwa jina lenye karatasi ndani yake, mfano "Artpaper_300". Halafu fungua Bridge (programu ya Adobe ya kupanga mafaili), Edit > Color Settings, uchague jina hilo ubofye Apply, ili programu zote ziwe na mpangilio mmoja.

Hatua ya 4: Mafaili ya zamani

Mpangilio mpya unashika nyaraka mpya tu. Zile za zamani zimebeba profaili zake, na hapa ndipo watu huharibu kazi. Assign Profile haigusi namba: inabadili tu tafsiri yake, na unachokiona kwenye skrini. Convert to Profile inabadili namba zenyewe ili mwonekano ubaki.

Kwa picha ya RGB, Convert ndiyo sahihi: Relative Colorimetric, na Black Point Compensation iwe na alama. Kwa ukurasa wenye maandishi ambao tayari ni CMYK, tumia Assign. Maandishi ya K 100 (wino mweusi peke yake) yakigeuzwa kwenda RGB na kurudi CMYK kwa SWOP na sRGB, yanarudi yakiwa 70, 67, 64, 74. Herufi za pointi 8 sasa zinatoka kwenye pleti nne, mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino. Pleti moja ikisogea kidogo tu, kila herufi inavaa ukingo wa majenta au sayani.

Mtego mwingine ni maandishi yaliyoletwa kutoka Word. InDesign hupokea nyeusi yake kama rangi ya RGB, mara nyingi kwa jina Word_R0_G0_B0. Ifute kwenye Swatches, na ukiulizwa mbadala chagua [Black].

Hatua ya 5: Kagua

InDesign: Window > Output > Separations Preview, chagua Ink Limit, andika kikomo cha mchapaji wako, mfano 300. Sehemu zilizozidi zinageuka nyekundu. Rudi kwa picha husika Photoshop, uigeuze upya kutoka RGB ya asili. Kupunguza wino kwa Curves juu ya CMYK iliyokwisha haribika ni kupoteza muda.

Hatua ya 6: Toa PDF

Mchapaji akikubali PDF/X-4 (aina ya PDF ya uchapaji), ichague, na kwenye Output hakikisha Output Intent ni profaili uliyoweka. Akitaka PDF/X-1a, weka Convert to Destination (Preserve Numbers), na Destination iwe profaili hiyohiyo. Neno Preserve Numbers lisikosekane, ndilo linalolinda K 100 yako.

Mwisho fungua PDF kwenye Acrobat Pro, Output Preview. Zima Process Black peke yake: maandishi yote ya kawaida yapotee. Yanayobaki yana rangi nyingine ndani yake, rudi Hatua ya 4.