Mmepoteza fainali ya dabo ya tenisi (wawili kwa wawili) kwa pointi mbili? Fanyeni hivi nyie wawili

Kufungwa 6-1 6-2 kunauma ila kunapita haraka, unalala unaamka unasema wale jamaa walituzidi, imeisha. Kazi ipo kwenye kufungwa 10-8 kwenye ile tai-breki ndefu (gemu ya kuamua, wa kwanza kufika pointi 10 akizidi kwa mbili) inayochezwa badala ya seti ya tatu, na kwenye dabo inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ukicheza peke yako unajilaumu mwenyewe mpaka unachoka, lakini mkiwa wawili kuna mtu wa pembeni wa kumtupia lawama, na yeye anakutazama wewe hivyo hivyo hata kama hasemi. Nimeona timu nzuri kabisa hapa Dodoma zikivunjika baada ya fainali kama hiyo, na ukiuliza kisa ni nini hakuna hata mmoja anayetaja ugomvi, wanakwambia tu "tuliacha kutafutana". Kwahiyo naandika kuhusu zile siku chache baada ya fainali, maana hapo ndo timu inapona au inakufa.

Anza na dakika ya kwanza. Mpira wa mwisho ukishatoka, mwendee patna wako kabla hujaenda kwenye neti, hata kama hasira zimekujaa. Mguse bega, mwambie "tupo pamoja kaka" au "twende dada", inatosha. Usimwambie "usijali ile voli", kwa sababu ukishaitaja voli (mpira alioupiga kabla haujadunda) tayari umemwambia kwamba unaikumbuka na umeshaihesabu. Halafu nendeni wote wawili kwenye neti, wapeni wenzenu mkono na hongera ya kweli, mshukuruni na amplaya (mwamuzi), kaeni kwenye picha ya medali. Najua hiyo picha hamtaki, ila pigeni, baada ya mwezi mtaitafuta.

Kama kuna hela ya mshindi wa pili gawaneni nusu kwa nusu siku hiyo hiyo, msiseme tutaongea kesho. Na mara nyingi kombe la mshindi wa pili ni moja tu, hili watu wanalidharau lakini linaleta maneno, mmoja analipeleka kwake linakaa juu ya kabati mwingine anabaki na medali ya kamba. Pangeni zamu papo hapo, mwezi kwako mwezi kwangu.

Sasa safari. Kama mlicheza Dar na mnarudi Dodoma na treni ya SGR, mna kama masaa matatu na nusu mmekaa kiti kwa kiti, na hapo ndo midomo inapoponza. Sheria iwe moja: mechi haichambuliwi siku hiyo. Kunyweni maji ya kutosha, kuleni, lala usingizi. Mmoja akianza tu na "ile 8-8 bwana, mimi nilidhani wewe utaingia katikati…" mwingine amwambie kwa upole "hiyo tuiweke Jumatano", basi mnahamia kwenye stori nyingine. Ni muhimu iwe siku yenye jina. Ukisema "tutaongea" bila siku, mwenzio anaelewa hutaki kuongea kabisa, anakaa na jambo lake moyoni linachacha. Fainali ikiwa Jumapili, Jumatano ni sawa, hasira imeshashuka na kumbukumbu bado ipo.

Kwenye grupu la WhatsApp la klabu watamiminika na "poleni sana" na kuna mmoja hakosi ataandika "mlikuwa nayo kabisa ile". Andikeni jibu moja la nyie wawili, atume mmoja: asanteni, tumepambana, wenzetu walikuwa bora siku hiyo, hongera zao. Msianze kueleza mechi mule. Ukieleza pointi moja tu, mwenzio anaisoma akiwa kwake Nzuguni au Kisasa peke yake na anaona umemsema mbele za watu.

Na nyumbani. Hili nalisisitiza kwa sababu sioni watu wakiliongelea. Unafika nyumbani, mke au mume au mama anakuonea huruma, anasema "huyo mwenzio ndo kakuangusha". Anasema kwa mapenzi, hata mechi hajaiona. Ukinyamaza umekubali, na siku ya pili ya kusikia neno hilo linaanza kuonekana kweli. Mtetee patna wako hapo hapo, sema "hapana, yeye ndo alitubeba seti ya pili", taja kitu halisi alichofanya vizuri, mjadala utaishia mlangoni.

Haya, kuna hesabu moja nataka kila timu ya dabo iijue kabla ya hiyo Jumatano, maana inaondoa lawama nyingi sana. Kwenye tai-breki pointi ya kwanza inasevuliwa (mpira wa kuanzisha pointi unapigwa) kwenye boksi la kulia la wanaopokea, ya pili kushoto, ya tatu kulia, inaenda hivyo mpaka mwisho. Namba witiri kulia, namba shufwa kushoto. Sasa 10-8 ni jumla ya pointi 18, 11-9 ni 20, 12-10 ni 22, zote shufwa. Maana yake kila tai-breki inayoisha kwa tofauti ya pointi mbili tupu, sevu ya mwisho inaenda upande wa kushoto wa wanaopokea, lazima, haiwezekani vingine. Kama wapinzani ndo walikuwa wanasevu, basi anayecheza kushoto kwenye timu yenu ndo atakayepokea sevu ya mwisho kila mara. Hata ndani ya gemu za kawaida ni hivyo hivyo, 40-30, 30-40 na advanteji (timu moja ikiongoza kwa pointi moja baada ya 40-40) zote zinapigwa kushoto, isipokuwa mkicheza ule mfumo wa pointi moja ya kuamua kwenye 40-40 ambapo wanaopokea ndo wanachagua upande. Kwahiyo huyo wa kushoto anaonekana "anakosa pointi kubwa" wakati ukweli ni kwamba pointi kubwa zinamfuata yeye alipo. Angalia na sevu pia: kwenye pointi 18 za wachezaji wanne kila mtu anasevu mara nne au tano tu. Hakuna mtu anayeweza kupoteza mechi nzima kwenye sevu nne. Kama wewe ndo unacheza kulia, mwambie mwenzio hesabu hii wewe mwenyewe, usisubiri ajitetee.

Jumatano yenyewe. Tafuteni kivuli, chai, karatasi mbili, simu mfukoni. Kila mtu aandike pointi tatu ambazo angependa azirudie, na ziwe ZAKE, makosa yake yeye, sio ya mwenzie. Mkimaliza mnabadilishana karatasi mnasoma. Mara nyingi mtashangaa, ile pointi uliyokuwa unamlaumu nayo kimoyomoyo yeye ameiandika namba moja, na ameandika nyingine ambayo wewe hukuiona hata kidogo.

Hapa kuna ugumu wetu wenyewe. Dabo zetu nyingi ni mtu mzima na kijana, mmoja ana miaka 45 mwingine 22, kijana anaanza na shikamoo, sasa utegemee amwambie mzee "ulisimama nyuma sana kwenye neti"? Hasemi. Ataitikia kila kitu, "sawa mzee, ni kweli mzee", halafu mashindano yajayo anasema ana mtihani chuoni UDOM. Kwahiyo mkubwa ndo aanze, na aanze na kosa lake la kweli, sio lile la kusema "labda nilikuwa mwema sana kwao". Aseme "mwanangu, lobu mbili zile zilikuwa zangu nikakuachia, nilichoka" (lobu ni ule mpira wa juu unaopita vichwani kwenda nyuma). Ukishasema hivyo umempa ruhusa. Na kijana naye ana njia ya kusema bila kuvunja heshima, anauliza badala ya kutoa hukumu: "mzee, wakipiga lobu upande wako tukiwa 8-8, nikimbilie mimi au nikusubiri useme?" Swali hilo limebeba lawama yote na suluhisho pia, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kwa akina dada ni hivyo hivyo, dada mkubwa ndo afungue.

Mkimaliza kusoma zitenganisheni hizo pointi. Zipo za maamuzi (mlipiga katikati au pembeni), zipo za mawasiliano (hakuna aliyesema "yangu!"), zipo za mkono tu umekataa, na zipo za mazingira. Hizi za mwisho msizidharau kama fainali ilikuwa hapa kwetu. Dodoma iko juu kama mita 1,100 na kitu, hewa ni nyepesi kuliko Dar, mpira unaruka mbali zaidi kwa mpigo ule ule, na bado hatujafika zile mita 1,219 ambazo shirikisho la tenisi la dunia linaanza kuhesabu kuwa ni mwinuko wa kutumia mipira maalum, kwahiyo tunacheza na mipira ya kawaida. Ongeza upepo wa kiangazi. Lobu iliyotoka kwa kiganja kimoja saa kumi jioni mwezi wa nane sio uzembe wa mtu, dawa yake ni kupiga chini zaidi na kuzungusha zaidi, mnaandika hivyo mnasonga mbele. Za mawasiliano ndo mzikazanie, maana hizo zinatibika ndani ya wiki.

Mkihisi nyie tu ndo mmeandamwa, wakumbukeni Max Purcell na Jordan Thompson wa Australia. Fainali ya Wimbledon 2024 walishinda seti ya kwanza, wakapata mechi pointi tatu (pointi ambazo wangeshinda moja tu mechi imeisha), wakapoteza 7-6, 6-7, 6-7, tai-breki ya mwisho ikiwa 11-9. Seti zote tatu tai-breki! Hawakuachana, Septemba mwaka huo huo wakabeba US Open. Sara Errani na Jasmine Paolini wa Italia nao walipoteza fainali ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, Juni 2024, Agosti wakarudi viwanja vile vile kwa Olimpiki, fainali wakapigwa seti ya kwanza 6-2, wakageuza na kuchukua dhahabu kwa 10-7 kwenye tai-breki, na 2025 wakalichukua lile kombe la Roland Garros lenyewe. Hata mapacha Bob na Mike Bryan, fainali 30 za Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani) wakiwa pamoja, 14 walipoteza.

Wiki inayofuata ingieni uwanjani, ila msianze na seti nzima. Chezeni na timu nyingine tai-breki zinazoanzia 7-7, moja baada ya nyingine, anayepoteza anaokota mipira yote. Kabla ya kila pointi ongeeni, hata neno moja, "katikati", "lobu ni yangu", "nabaki". Msibadilishane pande kwa sababu ya ile pointi ya mwisho, hesabu mmeshaiona, mtamhamishia mwingine mzigo ule ule.

Na kama mmoja anawaza kuachana, asiamue kabla hamjacheza mashindano mengine mawili pamoja, jazeni fomu mapema wakati bado mnaongea. Yakipita hayo na bado moyo haupo, mfuate mwenzio ana kwa ana, mwambie kabla hujamtongoza patna mpya, maana jamii ya tenisi hapa mjini ni ndogo na habari itamfikia kabla ya jioni. Mweleze sababu ya mbele, ratiba, kiwango, umbali wa uwanja. Ile fainali usiitaje.