Kabla Hujapima Metali Mwilini kwa Hofu ya Kisukari

Mtu akishaambiwa sukari yake imepanda, huanza kutafuta mchawi. Akimaliza kulaumu soda na kitambi, anakutana na habari za metali: kwamba aseniki na kadimiamu zinaharibu kongosho, kwamba zinki na kromiamu zinashusha sukari. Kesho yake yuko maabara anaomba "kipimo cha metali zote", au ameshanunua chupa tatu za virutubisho. Hofu yake ina msingi. Kosa lake ni mpangilio: ameanza na sindano na vidonge, vitu ambavyo vilipaswa kuja mwisho.

Anza na maji, hasa kama unakunywa ya kisima. Kati ya metali zote zinazohusishwa na kisukari cha aina ya pili, ushahidi wa aseniki ndio wenye uzito zaidi, na njia yake kuu ya kuingia mwilini ni maji ya chini ya ardhi. (Wanakemia watakwambia aseniki ni nusu metali, tuwaachie ubishi huo.) Kusini-magharibi mwa Taiwan watu walikunywa kwa miaka mingi maji ya visima virefu yenye aseniki nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa kisukari kilikuwa kingi zaidi kwao, na kwamba kadiri mtu alivyokuwa ameyanywa zaidi maji hayo ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyopanda. Bangladesh nako, ambako visima vya bomba vilichimbwa kwa nia njema ya kuwaepusha watu na maji machafu ya madimbwi, tafiti zimeona mwelekeo huohuo. Kwenye viwango vya chini matokeo hayaendi pamoja hivyo, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba tone moja linaleta sukari. Ukomo uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita moja ya maji.

Aseniki haina rangi, haina ladha, haina harufu. Tena kuchemsha, dawa yetu ya kila maji, hapa hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke na aseniki inabaki sufuriani, ikawa kali zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana nasema sampuli ya kwanza kwenda maabara iwe ya maji. Damu yako inaweza kusubiri.

Baada ya maji, moshi. Tumbaku hunyonya kadimiamu kutoka ardhini, na mvutaji kwa kawaida hubeba kama maradufu ya ile aliyonayo asiyevuta. Metali hii ikishafika kwenye figo hukaa kama mpangaji asiyetaka kuhama: kiasi chake hupungua nusu kwa muda wa miaka 10 hadi 30. Kama yenyewe ndiyo inayoleta kisukari, tafiti hazijakubaliana. Lakini figo ndiyo inayopigwa na kisukari, na ndiyo inayopigwa na kadimiamu, na mwenye sukari hana figo ya akiba kwa ajili ya ngumi ya pili. Kuacha sigara hakuhitaji kusubiri majibu ya kipimo.

Risasi, ile metali laini na nzito, ni suala la kazi na nyumba: betri za magari, rangi za zamani zinazobanduka, kuchomelea, kuyeyusha vyuma. Ushahidi wake ni mzito zaidi kwa shinikizo la damu na figo kuliko kwa kisukari chenyewe. Andika kazi zote ulizowahi kufanya, hata zile za ujanani, kwa sababu risasi ya damuni hupungua nusu kwa muda wa kama mwezi mmoja, ilhali ile iliyojificha kwenye mifupa hukaa miongo. Na kama unatumia unga wa mitishamba wa "kushusha sukari", nenda nao kwa daktari ukiwa kwenye pakiti yake. Baadhi ya unga wa namna hiyo umewahi kukutwa na risasi na zebaki. Usione haya, daktari asiyejua unachomeza anapiga ramli tu.

Sasa kipimo. Ukiwa na sababu ya kupima, jua unapima nini na kwa sampuli ipi. Risasi hupimwa kwa damu. Aseniki hupimwa kwa mkojo, na inaonyesha siku chache zilizopita tu, wala haihesabu miaka kumi ya kisima. Samaki na viumbe wengine wa baharini wana aseniki ya aina isiyo na madhara makubwa, lakini mashine inayopima jumla haibagui. Ukila kamba jioni na kupima asubuhi, namba itakuvunja moyo bure. Acha vyakula vya baharini kwa siku nne au tano kabla, au uliza kama maabara inaweza kutenganisha aina za aseniki. Kama umepigwa picha ya MRI kwa dawa yenye gadoliniamu, metali nyingine inayoweza kuvuruga kipimo, subiri angalau saa 96.

Angalia na kichupa cha damu. Kwa metali zinazopatikana kwa kiasi kidogo sana hutumika kichupa maalumu kilichohakikiwa kuwa safi, na mara nyingi mfuniko wake ni wa buluu iliyokolea. Kipimo cha aina hii huchafuliwa na kitu kidogo mno: vumbi kwenye ncha ya kidole, glavu yenye poda, mfuniko wa mpira wenye zinki. Mtaalamu akichukua kichupa cha kawaida kilichokuwa karibu yake, muulize kwa upole. Swali hilo halimkosei heshima. Kipimo cha nywele kisikushawishi. Nywele hushika vumbi na dawa za kuoshea, na majibu yake hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine. Nywele tumwachie kinyozi. Kuna pia wanaokupa kwanza dawa ya kukamua metali kisha wanapima mkojo, halafu wanalinganisha jibu na viwango vya watu ambao hawakukamuliwa. Hapo kila mtu lazima aonekane ana sumu.

Kabla hujaiamini namba ya sukari yenyewe, ulizia madini ya chuma. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, husoma sukari iliyogandamana na hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Mwenye upungufu wa damu kwa kukosa chuma anaweza kupata asilimia iliyopanda bila sukari yake kupanda, na akitibiwa upungufu huo ikashuka. Mtu aliye karibu na mstari wa asilimia 6.5 anaweza kuvushwa upande wa wagonjwa kwa njia hiyo, kwa hiyo picha kamili ya damu itangulie. Tena aliyepungukiwa chuma hunyonya kadimiamu na risasi nyingi zaidi tumboni, kwa vile metali hizi hupitia mlango uleule wa utumbo. Upande wa pili, chuma kikizidi nacho huchoma. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauachi kukusanya chuma. Kinajazana kwenye ini na kongosho, ngozi inabadilika rangi, sukari inapanda, na waganga wa zamani waliuita kisukari cha rangi ya shaba. Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu si vya kumeza kwa kukisia.

Ndipo tunafika kwenye chupa za virutubisho. Zinki ina heshima yake hapa: ndani ya seli za kongosho insulini huhifadhiwa kwa mafungu ya molekuli sita zilizoshikwa na ayoni (chembe zenye chaji) mbili za zinki, umbo ambalo mwanakemia Mwingereza Dorothy Hodgkin alilionyesha mwaka 1969. Lakini kuwa insulini hufungwa kwa zinki hakumaanishi kuwa zinki zaidi ni insulini zaidi. Ukizidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, unaanza kuzuia shaba isifyonzwe, nawe unatafuta upungufu mwingine.

Seleniamu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Marekani, watu waliowahi kupata saratani ya ngozi walipewa maikrogramu 200 kwa siku kwa matumaini ya kuwakinga. Uchambuzi wa mwaka 2007 ukaonyesha kuwa waliopata kisukari walikuwa 58 kwenye kundi la seleniamu na 39 kwenye kundi la kidonge kisicho na dawa. Mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 55 tu kwa siku. Pindua chupa zako zote usome maandishi madogo ya nyuma: ya vitamini mchanganyiko, ya kinga, ya nywele na kucha. Jumlisha. Huenda hakuna chupa iliyovuka kiwango peke yake, lakini tumbo ni moja.

Kromiamu sina mengi ya kuisema. Sifa zake zilianzia mwaka 1959, na mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haioni ushahidi wa kutosha kwamba binadamu anaihitaji. Magnesiamu ni habari nyingine: kiwango cha chini huambatana na insulini kushindwa kazi, lakini sukari nyingi kwenye mkojo nayo huisomba magnesiamu, pamoja na zinki. Nani alimtangulia mwenzake? Kabla ya kununua, mwambie daktari kama unatumia dawa za kukojoza au za kupunguza asidi ya tumbo, maana nazo huishusha. Mwenye figo dhaifu asiimeze bila kuulizia, kwa sababu atashindwa kuitoa.

Mwisho kabisa, kama umeahidiwa dripu ya kusafisha metali, fahamu kwamba ilishajaribiwa. Watu wapatao 1,000 wenye kisukari waliowahi kupata shtuko la moyo walipewa dripu ya EDTA, dawa inayokamata metali na kuzitoa kwa mkojo, au dripu isiyo na dawa, kila wiki hadi mara 40. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha risasi ya damuni ikishuka kwa zaidi ya nusu, lakini mashtuko ya moyo na vifo havikupungua. Na EDTA haichagui: inapoondoka na risasi, huondoka pia na zinki.