Gundi ya ndege ya foamu
Ukiunda ndege ya mfano ya foamu, usikimbilie supaglu kabla hujajua foamu uliyonayo. Ile nyeupe ya punjepunje, kama inayofungiwa televisheni, huliwa: tone moja la supaglu ya kawaida linachimba shimo, na bawa ndiyo basi tena. EPO na EPP, aina nyingine za foamu ya ndege za mfano, huivumilia supaglu. Kama una shaka, dondoshea kwanza kwenye kipande cha kutupa. Kwa ile nyeupe mimi napendekeza UHU Por, gundi ya kubandika foamu: paka nyembamba pande zote mbili, subiri dakika kama 10, kisha bana kwa nguvu ukiwa umelenga sawasawa, maana ikishashika hairekebishiki. Panapokaa mota weka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), ila kidogo, ina uzito. Gundi ya bunduki, ile inayoyeyushwa kwa moto, hulegea ndege ikiachwa juani.